Yeyo Anachagua Punda

Karibu nusu saa yeyo hakugusa kitu. Alisimama pembeni mwa mnada wa Meserani, jua likimpiga mgongoni, fimbo nyembamba mkononi, akiwatazama punda kumi na wawili waliojibana kwenye kivuli cha mgunga mmoja. Kijana wake, aliyeshika fedha, alikwisha kwenda kwa dalali mara mbili na mara mbili akarudi na bei.

"Yeyo, yule mkubwa wa kijivu watu wanamtaka. Tukizubaa tumemkosa."

"Waache wamchukue," akajibu, macho hayajabanduka kivulini.

Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na mjini Arusha hata sisi tusio Wamaasai huwaita hivyo akina mama wa Kimaasai waliokwisha kuona wajukuu. Huyu kwake ni upande wa Oldonyosambu, kule ambako Mlima Meru umeipa mvua kisogo. Kusini na mashariki ya mlima, Tengeru na Usa River, kuna migomba, kahawa na mifereji. Kwake yeye kuna vumbi, migunga na safari ya maji, na maji yenyewe ya karibu yana floridi nyingi. Ndiyo maana watu wengi waliokulia huko wana meno ya kahawia. Anayetaka maji mazuri huyafuata mbali, na asiye na punda huyabeba mgongoni.

Nilimwomba nifuatane naye kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Nimeishi Arusha miaka mingi. Kila siku ya gulio Ngaramtoni napishana na punda waliobeba mahindi, mkaa na madumu, na sikuwa nimewahi kumtazama hata mmoja kwa dakika nzima. Nilikuwa nikiona mzigo unaotembea.

Nilipomuuliza anatazama nini, alinyoosha fimbo kwa punda wa kahawia aliyesimama ametulia kabisa, kwa macho yangu mzima kuliko wote. "Mguu wa mbele," akasema. Nikatazama tena. Kweli, kwato ya mbele ya kushoto ilikuwa imetangulizwa kidogo, imeligusa vumbi tu bila kulikanyaga. Punda wote hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, kisha wakabadilisha. Hiyo ni kawaida yao. Mguu wa mbele haupumzishwi hivyo. Ukiuona umetangulizwa, unauma.

Hapo nikaelewa kwa nini hakuwa na haraka. Punda ni fundi wa kuficha maumivu. Asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika, ambako watu walianza kumfuga yapata miaka elfu saba iliyopita, na porini mnyama anayeonyesha kwamba anachechemea hujitangaza kuwa chakula. Farasi akishtuka hukimbia. Punda akishtuka husimama, akafikiri, na sisi tunaita ubishi. Kwa hiyo mtu anayemkaribia kwa kelele, akamvuta masikio na kumgeuza huku na huku, ataona punda aliyejikaza. Yeyo alitaka kumwona punda ambaye hajui kwamba anatazamwa.

Lugha yetu haijamtendea haki mnyama huyu. Tunasema fadhila ya punda ni mateke. Tunasema punda afe, mzigo ufike. Watu wa Pwani wana neno kihongwe kwa punda wa bara, aliyesifika kwa nguvu na kulaumiwa kwa ukaidi, na walimpambanua na punda mkubwa mweupe aliyeletwa kwa jahazi kutoka Maskati, ambaye matajiri wa Unguja walimpanda wakienda mashambani. Kumbe hata matusi yetu yana elimu ndani yake: watu hao walijua kwamba punda si mmoja. Kuna wa kubeba na kuna wa kupandwa, kuna wa nchi hii na wa nchi ile.

Elimu ya namna hiyo kuna mahali imeandikwa vitabuni. Wales, magharibi mwa kisiwa cha Uingereza, kuna farasi wadogo wa milimani ambao chama chao cha wafugaji kilianzishwa mwaka 1901 na kuwagawa katika makundi manne. Kundi A ni farasi wa mlimani hasa, asiyezidi sentimita 122 mabegani, mdogo na mgumu. Kundi B anafika hadi sentimita 137, mwepesi wa miguu, mzuri kwa mtoto kupanda. Kundi C hapiti kimo hichohicho, ila mfupa wake ni mnene na kifua chake kipana. Kundi D anazidi hapo, na ndiye aliyekuwa akilima, akivuta gari na kumpeleka bwana wake kanisani. Mgeni hudhani herufi hizo ni kama madaraja ya mtihani, kwamba A amefaulu na D amefeli. Sivyo. Kila herufi ni kazi. Mnunuzi wa Wales anayejua atakachomfanyisha farasi wake amekwisha kumaliza nusu ya uchaguzi kabla hajatoka nyumbani.

Farasi wa namna hiyo hawakupata nafasi kwetu, na sababu zake ni wadudu. Mbung'o waliwamaliza nyikani. Visubi, wadogo kuliko mbu, waliwaambukiza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao farasi wengi wanaoupata hufa ilhali punda wa bara hili mara nyingi haonyeshi hata dalili. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa safari ikiwa bado changa. Enzi za Wajerumani walijaribu hata kuwafuga pundamilia chini ya Kilimanjaro, wakitumaini kupata mnyama wa kazi asiyeogopa maradhi ya hapa, na mradi huo haukufika popote. Leo farasi wapo kwenye mashamba machache pande za Usa River, na watalii huwapanda kati ya Meru na Kilimanjaro. Lakini maji ya Oldonyosambu hubebwa na punda, kama alivyobeba baba yake.

Punda wa Kimaasai ni mdogo, mita moja na kidogo mabegani. Wengi ni wa rangi ya vumbi, tumbo na pua vikiwa vyeupe. Kuna mstari mweusi unaoshuka toka shingoni hadi mkiani, na mwingine unaoukata mabegani, hivyo mgongo wake huchora msalaba. Wakristo wengi hupenda kusema ni kumbukumbu ya Yesu kuingia Yerusalemu. Wataalamu wa wanyama husema ni urithi wa punda mwitu wa Nubia, ambaye ana mstari huohuo wa mabegani. Yeyo hakuujali msalaba. "Rangi haibebi dumu," alisema dalali alipoanza kumsifu punda kwa uzuri wa michirizi yake.

Hatimaye alisogea. Alikwenda kwanza kwa yule mkubwa wa kijivu, nadhani kwa kumhurumia mwanawe, na hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe.

Hakuanza na mdomo kama nilivyotarajia. Alianza na mgongo. Aliweka kiganja begani, akakishusha taratibu pande zote mbili za uti, akibonyeza kidogo kila hatua kama anayekanda unga. Palipo na kidonda cha ndani punda hunywea chini ya mkono. Huyu hakunywea. Kisha yeyo akapekua manyoya ya kifua na ya mbele ya bega, akanionyesha nywele nyeupe, mstari wa upana wa vidole viwili, kulia na kushoto. Palipochubuka ngozi ikapona, mara nyingi nywele hurudi nyeupe. Hiyo ni barua ambayo muuzaji hawezi kuifuta.

"Huyu ni wa mkokoteni," akasema.

Dalali akacheka, akakiri. Punda alitoka mjini, alikuwa akivuta maji na mchanga. Yeyo hakumlaumu dalali wala punda. Alimsifia kifua, akaligonga bega lake kwa mapenzi, akasema mtu wa mkokoteni akimpata huyu amepata mali. Kisha akasimama ubavuni mwake, akainua mikono yote miwili kana kwamba ameshika dumu la lita 20, akaifikisha kwenye mgongo wa punda. Mikono ilipita usawa wa kidevu chake.

Mwanawe akanyamaza. Yeye hajawahi kupakia punda maji, maana kwao punda ni wa mama. Mwanamume huhesabu ng'ombe. Punda wa kuhamisha nyumba, wa kufuata maji na wa kwenda gulioni yu mikononi mwa mwanamke. Mwanamke huyo hupakia peke yake alfajiri kisimani: dumu upande huu, dumu upande ule, kamba ikazwe kabla mzigo haujapinda. Punda mrefu ni fahari ya mwenye mkokoteni na adhabu kwa mama anayeinua kilo 20 hadi kidevuni, asubuhi baada ya asubuhi. Nimesoma maelezo kadhaa ya kuchagua mnyama wa kubeba, na sikukumbuka hata moja lililomtaja mtu atakayeinua mzigo.

Waliobaki aliwapunguza haraka. Mmoja alikuwa na jeraha chini ya mkia, pale inapopita kamba ya kuzuia tandiko lisiteleze mbele. Kamba za nailoni hukata kama kisu, na aliyefunga hivyo mwaka mzima hakuwa akitazama. Mmoja alikuwa na shingo nene iliyolala upande. Mimi nilidhani ameshiba. Yeyo akaeleza kwamba punda huweka akiba ya mafuta shingoni, na akiba ikizidi shingo huanguka, ikishaanguka haisimami tena. Mnyama anaweza kukondeana mbavu na shingo ikabaki vilevile. Tazama mbavu, tazama nyonga, shingo iache mwisho. Mwingine alikuwa jike mwenye mimba kubwa. Huyo alimtazama kwa muda mrefu, akamwacha kwa masikitiko. Punda hubeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine na wiki kadhaa juu yake, akazaa mtoto mmoja. Kumpakia mizigo katika miezi ya mwisho ni kupoteza wawili, na yeyo alihitaji maji wiki ileile.

Wakabaki wawili, jike na dume aliyehasiwa, wote wa rangi ya vumbi, wote wafupi. Sasa ndipo akafungua midomo.

Meno ya punda ni kalenda. Ya utotoni hubadilika jozi kwa jozi, juu na chini: ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Akifika mitano kinywa kimejaa. Tangu hapo unasoma usagikaji: kila jino la mbele lina kishimo cheusi juu yake, na miaka inavyokwenda kishimo huisha, jino likarefuka na kuinamia mbele kama mzee aliyeegemea mkongojo. Anayejua farasi inabidi ajihadhari, maana vishimo vya punda hukawia kuisha, hivyo punda wa makamo humdanganya kwamba ni kijana. Jike alikuwa na kinywa kilichojaa karibuni. Dume alikuwa amepita kumi. "Bado ana kazi," akasema yeyo. Akitunzwa, punda huweza kufika miaka 25 na zaidi.

Miguu ilimchukua muda kuliko yote. Kwato ya punda ni nyembamba na imesimama wima kuliko ya farasi, na hunyonya maji kwa urahisi; ni kwato iliyoumbwa kwa mawe makavu. Manyoya yake nayo hayazuii mvua. Ndiyo maana punda anayestawi Oldonyosambu huweza kuteseka Tengeru wakati wa masika, akisimama kwenye matope mpaka kwato zikaanza kuoza kwa chini. Mlima ni mmoja, lakini pande zake mbili zinataka matunzo mawili. Yeyo aliinua kwato moja moja, akaisafisha kwa ncha ya kijiti, akaibonyeza kwa kidole gumba, kisha akainusa. Ndiyo, akainusa. Kwato inayooza hujulikana kwa harufu kabla ya kujulikana kwa macho.

Mwisho akamwambia kijana awatembeze, waende kwa kumpa mgongo, warudi kumkabili. Alisikiliza kuliko alivyotazama. Hatua nne za punda mzima zina mapigo yaliyo sawa. Anayechechemea hurukisha pigo moja. Akafumba macho kabisa. Nami nikafumba yangu, na kwa mara ya kwanza nikasikia punda akitembea.

Bei ilimalizwa na kijana, na hapo mambo yalikwenda upesi: dalali akataja, kijana akashtuka, dalali akaapa, wakakutana katikati, wakaenda kushughulikia kibali cha kusafirisha mifugo. Walikuwa wamekuja kununua punda mmoja. Walinunua wawili, kwa sababu yeyo alikuwa ameona jambo ambalo sisi wote hatukuliona: katika nusu saa ile chini ya mgunga, jike alipohama, dume alihama. Walikuwa wenza. Punda hushikamana wawili wawili, na aliyetenganishwa na mwenzake huweza kukataa malisho siku nyingi. Kununua mmoja hapo kungekuwa kununua mgonjwa.

Kuna sababu nyingine ya kumwona mzee huyu kama hazina. Miaka ya karibuni punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi, inayochemshwa kupata gundi ya dawa za jadi za Kichina. Mnyama anayezaa mtoto mmoja baada ya mwaka mzima wa mimba hawezi kufidia kasi ya machinjio. Tanzania ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakapitisha zuio la bara zima. Nchi yetu ina punda zaidi ya laki sita. Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na hapa Arusha na Meru kuna vyama vya kiraia vinavyopita masokoni kuwafundisha wenye punda namna ya kufunga na kupakia. Lakini sheria haitembei kisimani alfajiri. Anayetembea na punda ni mama huyu na wenzake.

Njiani nilimuuliza mzigo halali ni kiasi gani. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: wataalamu hushauri karibu theluthi moja ya uzito wa mnyama, na kwa punda wa kimo hiki hiyo ni kilo arobaini na kitu. Madumu manne ya lita 20, kama tunavyoona kila siku barabarani, ni kilo 80. Yeyo hakujibu kwa kilo. Alisema: madumu mawili akiwa na njia ya mlima, na siku ya tatu apumzike. Ni hesabu ileile, isipokuwa yake imeingiza mlima na uchovu ndani.

Nilitarajia siku ile kujifunza namna ya kumjua punda mzuri. Nikajifunza kwamba swali lenyewe halijakamilika. Mzuri kwa nani, wa kubeba nini, kwenye udongo gani, akipakiwa na mikono ya nani? Watu wa Wales walijibu maswali hayo kwa herufi nne na kitabu. Yeyo huyajibu kwa kusimama juani hadi punda wasahau kwamba yupo. Basi msomaji, ukienda mnadani Meserani au kwingineko, jua kazi kwanza, kisha mpeleke mtu atakayeifanya hiyo kazi akuchagulie. Mwenye fedha abaki na dalali.

Tuliachana Kisongo jua likielekea Monduli. Wao wangelala kwa shemeji njiani, wamalize safari kesho. Yeyo alikuwa amenunua unga, sukari, sabuni na mche wa chumvi ya mifugo, mzigo mdogo usiofika kilo kumi, na punda wawili wapya walikuwa wakitembea mbele yake migongo mitupu. Mwanawe alitaka kuwapakia.

"Hawa leo hawajafika nyumbani," akasema. Akajitwika furushi, akashika fimbo, wakaendelea.